Ethiopia Kabla ya Aprili: Kijana wa Miaka 14 na Gemu ya Vita Isiyo na Damu

Simu ilinipata Jumapili jioni, wiki ya pili ya likizo ya Agosti 2024. Aliyepiga ni mama mmoja tunayejuana naye kanisani, hapa Nakuru. "Mwalimu, kuna gemu ya vita hapa kwangu. Nimechungulia mara tatu, sioni damu, sioni mtu akiuawa, ni ramani tu na hesabu. Hata nilifurahi nikidhani ni jiografia. Sasa mbona mama mkwe amesusia chakula?"

Mambo yalikuwa hivi. Mwanawe wa miaka 14, kidato cha pili katika shule ya bweni, alikuwa amekaa na laptopu ya babake tangu alfajiri. Wakati wa chakula cha mchana akatangaza mezani, kwa furaha ya mtu anayesoma matokeo ya Gor Mahia: "Leo nimeimaliza Ethiopia mwezi wa Machi. Waitaliano wenyewe walifika Addis Ababa Mei." Nyanya yake akamuuliza ameimaliza vipi. "Nilikuwa Italia, nyanya." Ajuza akaweka kijiko chini, akaenda chumbani kwake.

Babake nyanya huyo alikuwa Keya, askari wa lile jeshi la mfalme wa Uingereza lililoandikisha vijana wetu. Alivuka mto Juba wa Somalia Februari 1941 kupigana na Waitaliano, akaendelea na vita hadi Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, ilipoanguka Novemba mwaka huo, akarudi na mguu usiokunjika. Nyumbani kwao Waitaliano wa Ethiopia hawakuwa mada ya mchezo. Mama wa kijana aliyajua hayo nusunusu. Kijana hakuyajua kabisa.

Swali la mama lilikuwa fupi: amruhusu au ampokonye? Nilimwambia sitajibu kabla sijaiona gemu yenyewe. Mimi hufundisha historia shule ya upili, na gemu ya mwisho niliyoimudu ni yule nyoka wa simu za Nokia. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda, nikavuta kiti karibu na kijana, nikamwomba anifundishe. Sikumwambia nimetumwa kumchunguza, ingawa nadhani alijua. Mtoto wa umri huo ukimhoji kuhusu gemu atakupa majibu matatu ya "sijui". Ukimwomba akufundishe, utaomba mapumziko wewe.

Gemu inaitwa Hearts of Iron IV. Walioitengeneza ni Paradox Development Studio wa Stockholm, Uswidi, na ilitoka tarehe 6 Juni 2016, siku ya kumbukumbu ya majeshi kutua Normandia. Mchezaji huchagua nchi yoyote duniani, kisha saa inaanza kukimbia kutoka tarehe 1 Januari 1936, au kutoka 14 Agosti 1939 akitaka kuingia vita vikiwa mlangoni. Anaweza kuiharakisha saa au kuisimamisha afikiri. Kazi yake ni kujenga viwanda, kugawa chuma na mafuta, kuamua kikosi kiwe na askari wa miguu wangapi na mizinga mingapi, kusuka mikataba, na mwisho kuchora mishale kwenye ramani na kuwaachia vikosi waende. Vita vinaonekana kama alama zinazosukumana mpakani. Waliokufa wanaonekana kama namba.

Kwa saa ya kwanza nilikuwa upande wa gemu, nakiri. Kijana alinieleza kwa nini Japani ilihitaji mpira na mafuta ya kusini mashariki mwa Asia kuliko wanavyonieleza watahiniwa wangu wa kidato cha nne. Alijua kwamba jeshi lisilo na barabara na reli nyuma yake linakufa njaa likiwa limeshinda. Alijua kuwa mzinga unaanza na madini, na kwamba anayefululiza kufungua kambi za mafunzo bila kujenga kiwanda cha bunduki atapeleka vijana mikono mitupu. Haya ndiyo mambo ninayopigia kelele darasani mwaka mzima, na hapa alikuwa anayatafuta mwenyewe, usiku, bila kulazimishwa.

Halafu akanionyesha Ethiopia yake.

Vita vya Italia dhidi ya Ethiopia vilianza Oktoba 1935, kwa hiyo gemu inapofunguka Januari 1936 tayari vimepamba moto. Kijana alikuwa na majenerali wake kwenye safu, kila mmoja na picha yake na alama za ustadi wake. Mmoja wao alikuwa Rodolfo Graziani. "Huyu ni mzuri?" nikamuuliza. Akaniambia si mbaya. Nikanyamaza kwanza. Graziani ndiye aliyekuwa mtawala wa Kiitaliano huko Addis Ababa tarehe 19 Februari 1937, vijana wawili walipomrushia mabomu ya mkono, na kwa kulipiza kisasi watu wa mji wakachinjwa kwa siku tatu. Waethiopia huikumbuka siku hiyo kila mwaka kwa jina la kalenda yao, Yekatit 12. Kwenye gemu ni uso na namba.

Baada ya ushindi nchi iliyotekwa inabidi itawaliwe, na hapo ndipo nilipopata kisa changu. Tangu nyongeza iliyotoka mwaka 2020, mtekaji hupewa orodha ya sheria za kutawala. Juu kuna zile laini, kama kuwaachia polisi wa wenyeji. Ukishuka unakuta sheria ya kijeshi, kisha kazi za kulazimishwa, kisha ukandamizaji wa kikatili. Kila moja ina faida na hasara zilizoandikwa kwa asilimia: upinzani unapanda au kushuka, viwanda vinaongezeka au kupungua. Kijana alikuwa ameweka kazi za kulazimishwa.

"Kwa nini hii?"

"Inaongeza viwanda, Mwalimu."

"Wanaofanya hiyo kazi ni akina nani?"

Hakunijibu papo hapo. Alisogeza kishale juu ya kile kitufe ili maelezo yatokeze, akayasoma yote kwa makini, akashuka mpaka chini. "Haijaandikwa," akasema.

Niliandika neno hilo kwenye daftari langu na nikalipigia mstari. Kijana huyu si mkatili. Hufuga njiwa, na mamake ananiambia alilia paka wao alipogongwa na bodaboda. Gemu ilimpa leva yenye faida, akaivuta, kama ambavyo yeyote angeivuta. Kilichokosekana ni mtu upande wa pili wa leva.

Kwa Ujerumani ukimya ni mkubwa zaidi. Unaweza kucheza kama Ujerumani ya Hitler kutoka 1936 hadi mwisho usikutane na mauaji ya Wayahudi hata kwa sentensi moja. Watengenezaji waliamua hivyo makusudi, na bendera ya Kijerumani ndani ya gemu haina swastika, ile alama ya chama cha Hitler. Ninauelewa uamuzi wao. Kuna mzazi gani angetaka kambi za mauaji ziwe kitufe chenye asilimia pembeni? Ila matokeo yake, kwa mtoto ambaye bado hajaifikia mada hiyo shuleni, ni kwamba Ujerumani inabaki nchi yenye vifaru bora na kiongozi mwenye nyongeza za takwimu. Mtu mzima anayecheza analeta kumbukumbu zake mezani na kujaza pengo. Wa miaka 14 analijaza na nini?

Mama alikuwa ametafuta alama ya umri, kama tulivyoambiwa sote tufanye. Kwa filamu tumezoea GE, PG, 16 na 18 za bodi yetu hapa Kenya. Gemu inayonunuliwa mtandaoni huja na alama za wenzetu: Ulaya wana PEGI, iliyoanza 2003, yenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18, Marekani wana ESRB. Ni alama zenye msaada, na mzazi asizipuuze. Lakini inafaa kujua zilitoka wapi. ESRB ilizaliwa 1994, baada ya maseneta wa Marekani kuitisha vikao mwaka 1993 wakishtushwa, miongoni mwa mengine, na Mortal Kombat, ile gemu ya ngumi ambamo mshindi aling'oa kichwa cha mshindwa pamoja na uti wa mgongo. Hofu iliyozaa alama hizi ilikuwa damu, na mpaka leo ndiyo zinayoipima vizuri: damu, matusi, uchi, dawa za kulevya, kamari. Ramani isiyo na damu haina cha kuwashtua wapimaji hao. Hakuna kipimo cha kusema "mtoto ataombwa achague kazi za kulazimishwa".

Kuna gemu nyingine ya vita ninayopenda kuitaja wazazi wakinibana kwa hoja ya damu. This War of Mine, ya mwaka 2014, ilitengenezwa na 11 bit studios wa Warsaw, na ilichukua wazo lake kwenye kuzingirwa kwa Sarajevo miaka ya 1990. Humo wewe si jenerali. Ni raia waliojificha kwenye nyumba iliyobomoka, wanaotafuta dawa na kuni, na usiku mmoja unaweza kujikuta unawaibia wazee chakula chao cha mwisho. Ni ya watu wazima, miaka 18. Na mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka kwenye orodha ya kazi ambazo wanafunzi wa sekondari waliofikisha umri huo wanaweza kuzisoma kwa hiari. Kwa kipimo cha damu, gemu ile ndiyo ya hatari na hii ya ramani ndiyo ya watoto. Mimi ningeogopa kinyume chake, japo sisemi mtoto wa miaka 14 apewe ile ya Sarajevo. Ni nzito mno, na mwenye umri huo hana haja ya kuubeba mzigo ule peke yake chumbani.

Jambo jingine lisilopimwa na alama ni watu. ESRB yenyewe hutahadharisha kwamba mazungumzo ya wachezaji mtandaoni hayamo kwenye alama yake. Kijana alikuwa amejiunga na kundi la mazungumzo la wachezaji wa gemu hii, lenye watu maelfu, alikokwenda kutafuta mbinu za kuivuka milima ya Ethiopia. Nilimwomba anionyeshe, akasita, kisha akafungua. Mbinu zilikuwepo, tena nzuri. Katikati yake kulikuwa na mizaha juu ya Wayahudi, picha za Hitler zenye maneno ya kuchekesha, na kijana mmoja wa nchi za mbali aliyeandika kwamba Waafrika kwenye gemu wanafaa kuwa "mafuta ya viwanda". Kumi na saba walikuwa wamebofya alama ya kicheko. Nilimuuliza kijana alipoisoma ile alifanya nini.

"Nilipita tu."

"Walijua wewe ni Mkenya?"

"Hapana. Jina langu huko ni la Kiitaliano."

Hapo mama, aliyekuwa mlangoni na trei ya chai, aliiweka trei chini. Mpaka wakati huo wasiwasi wake ulikuwa kwenye skrini ya vita. Nami pia. Tukagundua kwamba kwenye ramani hakukuwa na mtu wa kumwambia kijana wetu neno baya, ila kwenye lile kundi walikuwepo, na alikuwa amejibadilisha jina ili akae nao.

Wachezaji wengi wa gemu hii ni wapenda historia wa kawaida, na watengenezaji wana sheria dhidi ya uchafu huo kwenye kumbi zao. Lakini gemu inayokuruhusu kuwa Hitler na kushinda huwavuta pia wale wanaotamani angeshinda, na hao hawaendi kwenye kumbi zenye walinzi. Wengine hutengeneza modi, yaani viraka vya mchezaji binafsi vinavyoibadilisha gemu, na kurudisha humo yale yaliyoachwa nje. Modi nyingi ni safi, nyingine ni kazi ya ajabu ya utafiti. Ila mzazi ajue kwamba anachokinunua dukani si lazima kiwe ndicho kinachochezwa miezi mitatu baadaye.

Pesa na saa nitavitaja kwa haraka, maana havikuwa kiini. Gemu ya msingi ni moja, nyongeza zake ni nyingi na kila moja ina bei yake; kadi ya babake ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti, tukaitoa. Steam, duka la gemu lenyewe, huonyesha saa zilizochezwa: 212 tangu Aprili, wakati muhula mzima kijana alikuwa bweni. Piga hesabu mwenyewe ya zile siku za likizo.

Sasa uamuzi. Mama alitarajia nitasema ifutwe. Nilimwambia nisingeifuta, na sababu ni zile saa mbili na nusu nilizokaa pale. Mtoto anayeuliza mafuta yanatoka wapi ana njaa ya kitu ambacho shule haijampa. Ukimfutia, ataicheza kwa rafiki, na safari hii hatasema mezani ameiteka nchi gani. Hilo la mezani, ukiniuliza mimi, ndilo lililomwokoa.

Kundi la mazungumzo ndilo tulilolifunga. Hapo sikuwa na majadiliano, na kijana alikasirika siku mbili. Steam ina sehemu ya mzazi inayoweza kufunga gumzo, duka na kumbi za wachezaji na kubakiza gemu zilizochaguliwa, na pia kuweka kikomo cha saa. Tuliweka hayo yote. Laptopu ikahamia sebuleni. Modi, ziombwe moja moja na zifunguliwe na babake. Kucheza na watu wa nje hapana mpaka afike 16, halafu tutazame tena. Nilipendekeza 16 kwa sababu ndio umri ambao, shuleni kwangu, naona vijana wanaanza kumjibu mtu mzima anayewadanganya badala ya kupita tu. Si sayansi. Mzazi mwingine mwenye mtoto mwingine anaweza kuweka 15 au 17, na mwenye mtoto ambaye tayari anaikariri ile mizaha nyumbani kama yake, huyo ningemwambia aifunge gemu leo na aanze kuzungumza na mwanawe.

Sharti la mwisho lilikuwa langu, na mama alilicheka. Kabla hajagusa Ethiopia tena, akakae na nyanya.

Sikuwepo. Niliyoyapata ni ya kusimuliwa. Nyanya hakutoa hotuba. Alimuuliza mjukuu kama analijua lile kanisa dogo la mawe la Mai Mahiu, pembeni ya barabara ya mteremko, ambalo gari la shule hulipita kila muhula akienda na kurudi. Analijua, nani asiyelijua. Akamwambia lilijengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, walioletwa Kenya baada ya kushindwa Ethiopia na kufanyishwa kazi ya hiyo barabara yenyewe. Halafu akamwambia kuhusu mguu wa babake. Kijana alimuuliza swali moja tu: kama babu alilipwa. Nyanya akacheka mpaka akakohoa.

Mwezi Desemba alinitumia picha ya skrini kupitia simu ya mamake. Alikuwa anacheza kama Ethiopia, kwa mara ya nne, na alikuwa ameshindwa mara zote tatu za awali. "Mwalimu, hakuna kiwanda. Hakuna bunduki. Kila nchi inakataa kuniuzia. Hii wameitengeneza vibaya ama?" Nikamjibu kwamba mwaka 1935 Uingereza na Ufaransa zilizuia silaha kwa pande zote mbili, na Italia, ambayo ilijitengenezea silaha zake, haikuhisi kitu. Nikamtajia pia kwamba tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa kuyalalamikia hayo, pamoja na gesi ya haradali iliyomwagwa kutoka angani juu ya watu na mifugo, na waandishi wa Kiitaliano wakampigia mbinja ukumbini asisikike. Akakaa kimya kama dakika kumi, kisha akaandika: "Kwa hivyo hakuna namna ya kushinda?" Nikamwambia atafute mtu wa kumwazima muda.

Wiki iliyopita mama alinipigia tena. Mdogo wa kijana ametimiza miaka 11 na naye anataka laptopu. Kakake, anasema mama, ndiye aliyekataa, na alipoulizwa kwa nini, alimfungulia mdogo wake ile orodha ya sheria za kutawala na kumuuliza angechagua ipi. Mdogo akachagua kazi za kulazimishwa. Mama anataka nije Jumamosi.

Nitakwenda, ingawa wa miaka 11 jibu langu ninalo.